Majoho ya Zambarau na Haleluya ya Bi Somoe

Bwana asifiwe, ninyi mliopata viti! Bwana asifiwe tena, ninyi mliosimama mlangoni na jua linawapiga kisogoni! Mchungaji amenipa dakika chache, na alipotamka neno "chache" alinikazia macho, maana ananijua. Nitajitahidi. Lakini alichonitendea Mungu ni kikubwa, kwa hiyo mkiona nazidisha, mvumilieni dada yenu.

Kwa wageni, mimi naitwa Mama Gift. Nimezaliwa Machame, nimeolewa Marangu, nimezeekea Kariakoo. Hapa kanisani mnaniona benchi la mbele upande wa feni, lakini kule sokoni jina langu ni Mama Majoho, kwa sababu kazi yangu ni majoho ya kwaya. Nina fremu yangu ndogo ya duka Mtaa wa Sikukuu, na juu yake, ukipanda zile ngazi zenye giza, kuna chumba cha mafundi. Ukiona kwaya katika mji huu imesimama imependeza, ujue huenda nguo zile zilipita mikononi mwetu. Nasema hivyo bila majivuno. Haya, kwa majivuno kidogo.

Chumba kile kilikuwa na raha yake. Mafundi walikuwa watatu, na mkubwa wao ni Bi Somoe, mama wa Lindi, Mwislamu wa swala tano, ambaye anazijua nyimbo za kwaya kuliko baadhi yenu mnaoziimba. Cherehani yake ilikaa dirishani, penye mwanga wa kutosha na habari zote za mtaa. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya chumba chetu. Joho likishashonwa, kabla halijapigwa pasi, lazima fundi alivae, ainue mikono juu mpaka mwisho, azunguke, aishushe, aiinue tena. Kwa nini? Kwa sababu anazijua kwaya za Dar es Salaam! Watu wetu hawaimbi wamesimama kama nguzo za umeme. Wanaruka, wanainama, wanachota upepo kulia wanautupa kushoto. Ndiyo maana chini ya kila kwapa alitia kipande kidogo cha ziada, kama kile cha kwenye kanzu, ili mkono ukienda juu usiburute nguo nzima.

Basi Bi Somoe alikuwa anavaa joho, anainua mikono, halafu ananigeukia. "Mimi nimeshainua, Mama Gift. Hilo neno lenu sema mwenyewe." Nami nasema, "Haleluya!" Mshono ukikaa kimya, joho limepita. Ukilia, joho linarudi mezani. Desturi hiyo tuliiita kupiga Haleluya, na kwa miaka yote hiyo hakuna joho lililoshuka zile ngazi bila kuipiga. Tulicheka sana katika chumba kile, na kazi ilikwenda.

Sasa ndugu zangu, nafuu ikaja kubisha hodi.

Majirani zangu wa fremu karibu wote wanaagiza nje. Wa mashuka anaagiza, wa viatu anaagiza, wa mabegi ya shule anaagiza. Asubuhi ukikaa unywe chai na chapati yako, husikii kingine isipokuwa mzigo, kontena, Guangzhou. Siku moja wakala wa mizigo akanionyesha simu yake. Ukumbi mkubwa, taa nyeupe, cherehani zimepangwa mistari mpaka mwisho wa macho, na kila fundi ameinama kazini. Akaniambia joho zima, kitambaa na ushonaji na lebo yenye jina langu, litanigharimu kiasi fulani. Nilimwambia arudie. Akarudia. Ilikuwa chini ya ninachotumia hapa kwa kitambaa tu! Mchagga gani angenyamaza hapo? Nisameheni watu wa nyumbani, lakini tunajijua.

Na wakati wenyewe ulikuwa umekaa vizuri. Mnakumbuka kwaya yetu ilipoalikwa kufungua lile tamasha la kwaya pale Mnazi Mmoja. Mwalimu Elibariki, huyu hapa mwalimu wetu wa kwaya, akaja kwangu akataka majoho mapya ya zambarau. Kanisa likanikabidhi kazi. Halafu makanisa mengine matatu yakanipigia, yakasema, Mama Gift, tutayatazama majoho yenu siku hiyo, tukiyapenda tunaagiza. Yaani kazi yangu ya mwaka mzima ilikuwa inaning'inia kwenye mabega ya kwaya hii! Wakipendeza, nimepona. Wakiaibika, nimekwisha.

Nikachagua ukumbi wenye taa nyeupe.

Niliwapanga waimbaji hapo nje, nikawapima na tepu, mmoja mmoja, wamenyooka, mikono chini, wametulia kama wanapigwa picha ya pasipoti. Vipimo vikatumwa. Kule juu nikawaambia mafundi wapumzike kidogo, kazi ikipatikana nitawaita. Bi Somoe hakugombana na mimi. Aliteremsha cherehani yake, akaipakia kwenye mkokoteni, akaenda kuiweka kwenye kibaraza Mtaa wa Mchikichi, akawa anapunguza suruali za watu. Kabla hajaondoka aliniuliza jambo moja tu. "Na huko wanakoshona, nani anainua mikono?"

Nikacheka. Nikamwambia, Bi Somoe, kule ni kompyuta tupu, hawana haja ya mambo hayo. Alivuta kanga yake akaufuata mkokoteni.

Ndugu zangu, aliyewahi kusubiri mzigo ataniombea. Ukimpigia wakala, mzigo uko njiani. Ukimpigia wiki inayofuata, uko njiani. Nikaanza kujiuliza hiyo njia ina urefu gani! Ulipofika bandarini kukawa na malipo ya hili, malipo ya lile, na mengine ya kuuhifadhi kwa sababu umechelewa kutoka kwa ajili ya yale malipo ya kwanza. Ile nafuu niliyoionyeshwa kwenye simu ililiwa yote kabla sijaiona kwa macho. Mimi nikawa najipa moyo. Nikasema, si kitu, mradi majoho yafike.

Yakafika Ijumaa asubuhi. Tamasha ni Jumapili alasiri.

Wapagazi wakayapandisha ghorofani, nikakata kamba, nikafungua marobota. Bwana Yesu! Kila joho limekunjwa sawasawa, limo kwenye nailoni yake inayong'aa, lebo imesimama shingoni, zambarau inameremeta kama biringanya iliyooshwa. Sikuthubutu kufungua hata moja. Nanyi msinicheke, maana nawajua. Humu ndani kuna watu makochi yao yana nailoni tangu yatoke dukani. Kuna mtu rimoti ya televisheni yake bado imevaa nailoni, na watoto wanabonyeza juu ya nailoni! Kitu kipya kikiwa kwenye nailoni tunakiheshimu. Nami niliheshimu. Nikasema waimbaji wafungue wenyewe, waisikie ile harufu ya upya. Majoho yote yakashuka zile ngazi bila hata moja kupiga Haleluya.

Alasiri ile kwaya ikakusanyika hapa hapa kwa mazoezi ya mwisho. Nailoni zikafunguliwa kwa vigelegele. Wakavaa. Walipendeza, jamani, siwezi kusema uongo madhabahuni. Nilikaa kwenye benchi langu nikajisikia kama mama wa bibi harusi. Mwalimu Elibariki akasimama mbele, akawatazama sauti ya kwanza, akawatazama besi, akavuta pumzi, akainua mikono kuwaanzisha.

Praaa!

Kwapa la kulia. Akageuka kujitazama, akasahau kwamba mkono wa kushoto bado uko juu, nao ukaitika. Waimbaji hawakuelewa. Walizoea mwalimu akiinua nao wanainua, kwa hiyo wakainua, wote, kwa ari kabisa. Praa, praa, praa, kama bisi kwenye sufuria! Sauti ya kwanza wakakumbatia mbavu zao. Tena wakainama, na migongo nayo ikajibu. Mzee mmoja wa besi, simtaji ila amekaa pale anacheka, yeye aliendelea kuimba peke yake mpaka mwisho wa ubeti.

Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nikachukua joho moja nikaligeuza ndani nje nikitafuta akiba ya kitambaa, ile ambayo mafundi wetu huiacha kwenye mshono ili nguo iweze kuachiliwa. Hakukuwa na akiba hata ya upana wa ukucha. Kila kitu kilikuwa kimekatwa kwa kipimo nilichotuma, na kipimo nilichotuma kilikuwa cha watu waliosimama mikono chini.

Niliingia chumba kile cha nyuma kinachohifadhi ngoma, nikapiga magoti. Nikalia, ndugu zangu. Nikamwambia Bwana, niokoe na aibu hii. Nilitamani muujiza mkubwa, mimi nilidhani hata kontena jingine lingeweza kushuka. Sikusikia sauti, sikuona maono. Kilichonijia kichwani ni mlio wa cherehani ya Bi Somoe, ule mlio wake wa kukwama kidogo kila anapokata kona. Kila nikijaribu kuomba kitu kingine, unarudi. Mwisho nikasema, Bwana, nimeelewa, lakini kwa uso gani? Maana wiki zote zile, kila nikienda sokoni nilizunguka kwa mtaa mwingine nisikutane naye.

Jumamosi, maduka yanafunguliwa tu, nilikuwa Mtaa wa Mchikichi na joho la Mwalimu Elibariki kwenye mfuko. Nikaona bora anitukane mara moja yaishe.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba, Mama Gift. Za siku?"

Nikatoa joho nikaliweka juu ya cherehani yake. Alitia vidole kwenye kwapa, vikatokea upande wa pili. Akanitazama.

"Yote?"

"Yote, Bi Somoe."

"Na hili la nani?"

"La mwalimu. Ndilo lililotangulia."

Ndugu zangu, mama yule alicheka! Alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akalitazama joho, akacheka upya. Wauza vitunguu wa jirani wakaja kuuliza kuna nini. Na mimi, niliyekuja nimejiandaa kutukanwa, nikajikuta nacheka na machozi yananitoka, sijui hata yalikuwa ya nini. Alipotulia akalisogeza joho kwenye mwanga, akaufuata mshono kwa kidole.

"Huyu aliyeshona ana mkono mzuri," akasema. "Tazama ulivyonyooka. Mwenzetu hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba mnarukaruka."

Nikamwambia tamasha ni kesho. Akasema anajua, mji mzima unajua. Nikamwambia nilizunguka maduka jana yake jioni na zambarau kama hii haipo. Akafikiri, akiuma uzi.

"Basi tusiitafute. Tia njano, ile ya kung'aa. Siyo kipande kidogo, tuishushe kutoka kwapani mpaka kiunoni, na ya mgongoni hivyo hivyo. Watu wadhani mlikusudia."

"Utanisaidia, Bi Somoe?"

"Cherehani yangu inarudi dirishani?"

"Inarudi leo."

"Inakaa?"

"Inakaa, mama."

Akamwita mwenye mkokoteni hapo hapo. Hakuniuliza neno lingine. Mimi ningekuwa yeye, ningemwacha Mama Gift asimame juani mpaka adhuhuri, lakini Mungu hakunipeleka kwa mtu wa aina yangu.

Jumamosi ile, ndugu zangu, chumba changu kilifufuka. Mafundi wenzake wawili wakaitwa, wakaja. Na kwaya ikaja yote! Kina mama wa sauti ya kwanza na ya pili wakakaa sakafuni na nyembe, wanafumua makwapa huku wanaimba. Besi wakapewa pasi, maana mikono yao ni mizito na haifai kwa sindano. Mwalimu Elibariki akapewa kazi ya kukata nyuzi zilizobaki, akaifanya kwa makini kama anasahihisha noti. Bi Somoe akikata ile njano, mkasi unatembea bila kupima mara mbili. Saa zake za swala zilipofika alitandika msala wake nyuma ya meza, na kwaya nzima ikashusha sauti mpaka amalize, halafu ikaendelea pale ilipokuwa imeachia. Sikuwaambia wafanye hivyo. Nilisimama mlangoni na birika la chai nikasema moyoni, Bwana, kumbe nilikuwa nimekifanya chumba hiki stoo!

Na kila joho lililomalizika lilivaliwa. Bi Somoe anainua, ananigeukia, "Sema," nami nasema Haleluya. Kila moja! Sauti ilinikauka, nikawa naisema kwa kunong'ona. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, la mwisho likashuka ngazi, na ndani yake yuko Mwalimu Elibariki mwenyewe, maana alikataa kulivua.

Jumapili. Mnazi Mmoja imejaa. Wale wa makanisa matatu nawaona wamekaa mbele, wameshika simu zao tayari kupiga picha. Nilimwomba Bi Somoe twende naye, akaja amevaa buibui lake jipya, akasimama kando yangu chini ya turubai. Kwaya ikapanda jukwaani. Majoho yamekaa kimya, zambarau tupu, kwa sababu mikono ikiwa chini ile njano haionekani hata kidogo. Mwalimu Elibariki akavuta pumzi.

Nikafumba macho. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimefumba na masikio nimeyatega, sikuwa nasikiliza muziki hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza nyuzi. Nikasikia watu wanaguna "Aaa!" nikadhani tayari, nimekwisha. Nikafungua.

Mikono yote ilikuwa juu, na chini ya kila mkono umefunguka ubawa wa njano! Walipogeuka, migongo nayo ikawaka. Waliposhusha, zambarau. Walipoinua, njano. Uwanja ukapiga makofi kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha. Hakuna mshono uliolia. Hata mmoja! Bi Somoe akanipiga kiwiko cha ubavuni.

"Wenzio wameshainua. Sema sasa."

Nikaisema, ndugu zangu. Walioniona siku ile watawaambia nilivyoisema. Turubai lilitikisika.

Wale wa makanisa matatu walinifuata kabla kwaya haijateremka. Wote wanataka kama yale, na wote wanataka njano ya kwapani. Mmoja akaniuliza nilimtoa wapi mbunifu, nikamwonyesha Bi Somoe, naye akatazama pembeni kwa maringo kama mtu aliyezoea kuulizwa hivyo.

Sasa sitaki mtu atoke hapa akasema Mama Gift amepiga marufuku kontena. Kitambaa chetu bado tunakinunua kutoka nje, kwa robota, na kizuri. Wale mafundi wa kule nawaombea, wana mikono mizuri na wao wana watoto wa kulisha. Lakini kukata na kushona vimerudi Mtaa wa Sikukuu. Yule anayeshona awe mahali ambapo anaweza kumwona Mwalimu Elibariki akiruka! Bi Somoe na mimi tulikaa tukatazama upya namna ya kukata, tukapanga vitambaa vingi pamoja, tukaokoa vipande tulivyokuwa tunavitupa. Nafuu niliyoifuata ng'ambo ya bahari, nyingine ilikuwa imelala sakafuni kwangu, naipiga ufagio kila jioni. Sasa mafundi ni watano. Na nailoni haipandi tena zile ngazi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, ambaye hakusema "nilikuambia", ingawa alikuwa ameniambia. Naishukuru kwaya hii iliyokaa sakafuni. Na kama kuna mtu humu anayetembea mikono chini, anaogopa akiinua tu atapasuka mbele za watu, nakuambia mwamini Yesu, mwendee ukiwa umechanika hivyo hivyo. Asikushangaze akikutuma kwa mtu uliyekuwa unamkwepa mtaani. Nenda. Huenda anakusubiri na sindano mkononi na kicheko tele.

Mchungaji anatazama saa, namaliza. Mwalimu, isimamishe kwaya. Mnaona walivyopendeza? Hayo ndiyo yenyewe. Leo asubuhi nimepita kwa Bi Somoe kumwambia nakuja kutoa ushuhuda, akaniambia niwasalimu. Akasema niwaambie msiogope, majoho haya kila moja ameliinulia mikono yeye mwenyewe. Kazi yake ameshamaliza. Neno amewaachia ninyi.

Haya ndugu zangu, wote, hata wa mlangoni. Mikono juu! Juu mpaka mwisho! Tuliseme.